Kisanduku Kilichovishwa Koti

Nyumba ya mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.

Jumanne, tarehe 4 Machi.

Mpendwa mpwa wangu, Bi Kwanini,

Marahaba, mwanangu. Naanza na jibu kwa sababu shikamoo yako ya Jumapili ilipokelewa na mkaza mjomba wako nikiwa nimetoka, nami sipendi kukaa na salamu ya mtu mfukoni. Hujambo? Kazi haijambo? Kile kikohozi ulichokitaja kabla ya mwaka mpya kimekwisha, au umekizoea tu kama unavyozoea kila kitu? Unakula chakula cha moto? Hilo la mwisho mkaza mjomba wako ameagiza niliulize mara mbili, kwa hiyo ukilijibu, lijibu mara mbili.

Sisi huku hatujambo, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Magoti yangu yananipa habari za mvua kabla ya redio. Mkaza mjomba wako bado anakwenda kulea watoto wa watu kule chekechea na kurudi na rangi za maji kwenye viwiko. Mama yako amekunywa chai asubuhi, amenikaripia saa nne kwa kuacha kijiko kilicholowa ndani ya kopo la sukari, na sasa ninapoandika, saa nane na robo mchana, amelala chumba cha pili. Mlango uko wazi. Namsikia akipumua. Nimelitanguliza hilo makusudi, ili uyasome yanayofuata ukijua kuwa yu hai na ukali wake uko palepale.

Sasa, kama umesimama, kaa chini. Naogopa, mwanangu. Nimeogopa mwezi mzima, na kila uliponiuliza kwenye simu nilikujibu kuwa mambo ni mazuri. Hayakuwa mazuri.

Barua hii anakuletea binti wa mwenye duka la dawa, anayesafiri kesho kutwa kuja mji wenu. Sikupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii inalala chini ya mto wa mama yako. Ningeweza kwenda kupiga kwa jirani, lakini wewe kwenye simu unauliza kwa nini kabla mtu hajamaliza sentensi, ndiyo maana tukakupa jina hilo ukiwa na miaka minne, na safari hii nahitaji kufika mwisho. Tena nilikuwa na wasiwasi kuwa sauti ingenisaliti.

Mwanzo wake unaujua, lakini niupange upya, maana mimi nisipopanga mambo siyaoni. Januari mama yako alizirai mara mbili: mara moja kwenye foleni ya kulipia maji, mara moja jikoni akiwa na kisu cha vitunguu mkononi. Daktari wa moyo alishuku kuwa moyo wake unasita, yaani unapiga, unapiga, halafu unasahau. Moyo wa namna hiyo ukifika hospitali unajifanya mwema, kama mwanafunzi mkaguzi akiingia darasani. Ndipo akambandika kile kipimo cha kifuani akae nacho siku kumi na nne nyumbani, na akasema itafutwe kompyuta itakayowaka usiku na mchana kando yake. Kipimo chenyewe hakina pa kuweka mengi. Kila baada ya muda mfupi kinayatuma mapigo kwa kompyuta, na kompyuta isipoyapokea, yale mapya yanafuta ya zamani. Siku kumi na nne, bila pengo. Daktari alilisema neno hilo, pengo, akiwa amenyoosha kidole.

Wewe ukasema kompyuta kubwa ingetoa kelele na joto na kumaliza betri kila umeme unapokatika, ukamtuma msafiri mmoja na kisanduku cha kompyuta ndogo ndani ya begi, kimezungushiwa soksi. Hapa lazima nikuchekeshe kidogo kabla hatujafika pabaya. Tulikifungua mbele ya jopo: mimi, mama yako, mkaza mjomba wako, na fundi baiskeli aliyekuja kuazima bisibisi akasahau kuondoka. Kisanduku ukubwa wake kama kamusi. Nikatoa skrubu nne, nikainua kifuniko, na ndani hamkuwa na kitu zaidi ya ubao mama, ule unaounganisha kila kitu, na feni.

Fundi baiskeli alichungulia muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "mtoto wetu kaibiwa. Hili boksi la viatu vya mtoto."

"Na viatu vyenyewe wamebaki navyo," akasema mama yako, na nikaona kweli anataka kulia kwa ajili yako.

Nikawaeleza, na unajua nikieleza huwa sisimami. Nikasema kompyuta hizi ndogo zinauzwa zikiwa ganda: nyumba yake, ubao wake na njia yake ya umeme. Prosesa, ambayo ndiyo ya kufikiri, kadi ya kumbukumbu na diski ananunua mwenye nyumba kwa kadiri ya mahitaji yake. Nikamlinganishia mama yako, mshonaji, na mteja anayemletea kitambaa chake mwenyewe. Akaelewa papo hapo, akamgeukia fundi baiskeli: "Sasa umesikia? Mwanangu haibiwi."

Siku iliyofuata nilinunua vilivyobaki kwa orodha uliyoandika, nikatandika shuka jeupe mezani, nikaanza. Na hapa, Bi Kwanini, ndipo penye jambo la kwanza nililokuficha.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Si sana. Ulianza mwaka jana kwenye kikombe, nikasema ni kikombe. Unajua prosesa inavyokaa: chini yake pana tundu la mraba lenye pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kama unywele wa mtoto, na kila moja lazima iguse mahali pake. Niliishika prosesa kwa kingo kama ulivyoelekeza, nikaishusha, na pale pa kuiachia mkono ukaruka. Iligonga pembeni. Nilipoiinua na kuwasha tochi, pini mbili katika kona zilikuwa zimelala.

Nilifanya nini? Nilifunika kwa gazeti nikaenda jikoni kunywa maji. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, nimewaambia watoto elfu kadhaa kwamba kosa la maabara linatangazwa hapohapo, na nilikuwa nimesimama jikoni na bilauri tupu.

Niliporudi, mama yako alikuwa ameshaondoa gazeti. Amevaa miwani yake ya kazini, ile iliyofungwa uzi, na mkononi ana sindano namba tisa.

"Kaka, sogea, unanizibia mwanga."

"Usiguse! Hizo pini ni..."

"Mbili zimepinda. Nimeziona. Umeme umechomoa?"

"Nimechomoa, lakini..."

"Basi nyamaza. Mimi nimetungia watu shanga kwenye gauni la harusi gizani, umeme umekatika na bibi harusi analia mlangoni."

Akazuia pumzi, akaingiza ncha ya sindano chini ya pini ya kwanza, akaisimamisha. Kisha ya pili. Mkono wake ulikuwa umetulia kama jiwe. Mimi nilikuwa natazama kifua chake, kile kipande cha plasta kinachoonekana kwenye ukosi, nikifikiri: mgonjwa ndiye anayetengeneza mashine ya kumlinda, na mzima ndiye aliyeivunja.

Tulipobonyeza kitufe taa ya buluu ikawaka, na baada ya nusu dakika runinga tuliyokiunganisha nayo ikaleta maandishi. Alikipapasa kisanduku mgongoni kama anayempapasa mtoto aliyecheua. Tukakiweka kwenye kabati dogo chumbani kwake, karibu na kitanda, na tarehe tatu Februari kazi ikaanza.

Siku mbili zilikwenda vizuri. Siku ya tatu, nilipofika jioni kukagua, kisanduku kilikuwa kimezimika. Nikakiwasha. Pengo lilikuwa tangu saa tisa kasoro mchana. Siku ya nne hivyohivyo, saa tisa na dakika chache. Siku ya tano hivyohivyo.

Sikumwambia mtu. Sikukuambia wewe, nawe siku ile ya nne ulipiga simu ukaniuliza mashine inaendeleaje, nikasema inaendelea kama saa. Mungu anisamehe. Nilijua ni zile pini. Nilijiaminisha kuwa moja imelegea, kwamba prosesa ikipata moto inatanuka kidogo na pini inaachia, na kwamba mkono wangu huu ndio unaomtoboa dada yangu pengo baada ya pengo. Usiku sikulala. Mchana nilikuwa nikipita mlangoni pake kila mara natazama kama ile taa ya buluu bado inawaka, na nikiiona inawaka nafarijika mpaka nifike mwisho wa ukumbi, kisha naanza upya.

Siku ya sita nilijikaripia kama nilivyokuwa nikimkaripia mwanafunzi anayekisia. Nikafungua daftari ambalo kompyuta inajiandikia yenyewe, ambamo inaweka joto lake kila dakika. Na pale nikaona kitu cha ajabu. Joto lilikuwa tulivu usiku kucha na asubuhi yote. Kila siku, saa nane na dakika kumi, lilianza kupanda. Likapanda, likapanda, likafika mahali ambapo mashine hizi hujizima zenyewe zisiungue. Kila siku saa nane na dakika kumi. Pini iliyolegea haina saa ya kazi. Feni mbovu haiendi mapumziko ya mchana. Kitu chenye ratiba ni mtu.

Na saa nane, kama unavyokumbuka, mimi huenda kusoma gazeti kwenye duka la dawa, na mkaza mjomba wako hajarudi.

Siku ya saba niliaga kama kawaida, nikazunguka karakana, nikaingia kwa mlango wa nyuma na viatu mkononi. Nilikuwa bado uani nilipoisikia: cherehani. Ile ya kanyagio, iliyokulea wewe. Ile ambayo daktari alimkataza, nawe ukamwapisha kwenye simu kuwa hataigusa mpaka majibu yatoke.

Nikasukuma mlango. Mama yako yuko kwenye cherehani, mgongo wima, mguu unakwenda. Na juu ya kabati, kisanduku hakionekani. Kimevaa koti. Nasema koti kwa sababu ni koti: kitambaa cha kijani, ndani pamba, kimekatwa kwa kipimo chake kamili, kina pindo. Juu ya koti kuna kile kitambaa cha kufuma cha redio. Juu ya kitambaa, shali yake.

"Funga mlango," akasema bila kugeuka, "upepo unapeperusha uzi."

"Unafanya nini?"

"Kwani naonekana nakaanga samaki?"

Nikakimbilia kabatini, nikavua shali, nikavua kitambaa, nikavua koti. Kisanduku kilikuwa cha moto kama pasi na kimekwisha kuzimika. Niligeuka nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa hofu tu iliyopata njia ya kutokea. Nikamwuliza kwa sauti ambayo sijamtolea tangu tukiwa watoto: kwa nini umekifunika?

Mguu wake ukasimama. Akakinyooshea kisanduku mkasi, polepole.

"Nimemfunika macho," akasema. "Nilimwahidi mwanangu sitagusa cherehani. Sasa nishone huku ananitazama?"

Umeelewa, Bi Kwanini? Mimi ilinichukua muda. Anaamini unamwona. Ile taa ya buluu anadhani ni jicho lako. Umekituma wewe, kinapeleka habari zake mbali, kinawaka usiku na mchana kando ya kitanda, basi kwake yeye umekaa pale juu ya kabati, mwanangu, unamwangalia.

Na hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, kubwa kuliko pini. Kisanduku kile nilikuwa nimemweleza fundi baiskeli. Nilimweleza mwenye duka la dawa, na binti yake, na mteja aliyeingia kununua dawa ya mafua. Niliwaeleza matundu ya juu ni ya kutolea joto, nikawachorea kwenye karatasi ya kufungia dawa. Nyumba hii kila kitu chenye waya kina nguo yake, wewe umekulia humu, unajua: redio ina kitambaa, runinga ina kitambaa, hata mita ya umeme aliishonea pazia. Na mtu mmoja tu ambaye sikumweleza matundu wala taa ni yule anayeshona nguo hizo, kwa kuwa nilisema mgonjwa aachwe apumzike.

Nilimwuliza sasa kwa nini anashona. Hakuna mteja anayemsukuma. Alikuwa akiunga vipande vya mabaki, si shuka, si pazia, si chochote. Akaniambia, na nakuandikia maneno yake kama alivyoyatamka:

"Nikilala mchana nausikia. Unapiga, unapiga, halafu kimya. Nangoja. Kaka, wewe hujui kungoja kule. Nikikanyaga hii, kelele zake zinaufunika, siusikii."

Nilikaa kitandani mwake.

Kesho yake tulikwenda kwa daktari tukiwa na mapengo yetu. Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alitazama mistari, akaona kuwa kila siku ile saa ya kwanza ya cherehani ilikuwa imeingia kabla kisanduku hakijazidiwa na joto, na moyo ulikuwa ukienda mbio ovyo. Kisha mstari unakatika.

"Mashine yenu inazima redio pale hadithi inaponoga," akasema. Akatueleza kuwa kwa watu wengine moyo hausiti wakati wa mbio, unasita pale mbio zinapokoma. Akaagiza tuanze upya siku kumi na nne, na katika hizo, nusu saa kila mchana mama yako akanyage cherehani polepole, akiwa kwenye kiti chenye mikono, mkasi mbali, mtu kando yake, na akianguka apelekwe hospitali dakika ileile. Mtu mwenyewe ni mimi.

Kwa hiyo wiki mbili hizi, ulipokuwa ukidhani naenda kusoma gazeti, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya cherehani, saa ya mkononi nimeivua nimeishika. Kisanduku kiko wazi, hakina nguo, feni yake inavuma taratibu. Mchana wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Mchana wa tatu alimaliza nusu saa, akaondoa mguu, akanigeukia aniambie jambo. Hakulisema. Mdomo ulibaki wazi. Rangi ilimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni, kiganja kikafunguka, kipande cha kitambaa kikaanguka. Nilikuwa natazama mshale wa sekunde. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nikasahau kusema jina lake. Tano. Kisha bega likashtuka, akavuta hewa, akanitazama.

"Mbona umekodoa macho kama umeona jini?"

Nikamwambia nimesinzia. Mwanangu, sekunde tano ni kidogo mno ukiziandika. Daktari baadaye alisema zilikuwa tano na nusu, na kwamba zilikuja tena mara sita katika siku kumi na nne, moja yao ndefu zaidi. Kisanduku kilizipata zote. Pini mbili alizosimamisha mama yako kwa sindano hazikuachia hata mara moja.

Ijumaa iliyopita alitupa majibu. Mama yako anahitaji betri ya moyo, kile kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi karibu na bega ili kikumbushe moyo pale unaposahau. Daktari anasema ni upasuaji wa kawaida kwao. Nimeuliza maswali mengi mpaka muuguzi akaniletea kiti. Bila betri hiyo hataki kukisia sekunde zitakuwa ngapi mara nyingine. Siku imepangwa: Jumanne, tarehe ishirini na tano mwezi huu.

Mama yako alikataa palepale. Alisema amefungua nguo za watu wengi kwenye mshono, na anajua nguo iliyofunguliwa hairudi kuwa ileile. Daktari akabembeleza, mimi nikaeleza mpaka nikakauka koo. Mwisho akatazama sakafu, akasema atakubali kwa sharti moja: kisanduku kiende naye. Kikae mguuni pa kitanda, bila koti, kiwashwe, "mwanangu anione naingia na anione natoka."

Daktari akanitazama. Alijua, nami nilijua. Kisanduku kile hakina kamera. Kina taa ya kuonyesha kuwa umeme umefika, basi. Mimi niliyemsahihisha mkaguzi wa shule mbele ya darasa, mimi niliyekueleza wewe kwa nini mwezi unatufuata tukitembea, nilitikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Sawa, dada, kitakwenda." Tangu siku hiyo hashoni. Analala mchana na kisanduku kikiwa wazi kando yake, kwa kuwa anaamini unamlinda, na nimeshindwa kumnyang'anya hilo.

Ila siwezi kufika nalo mpaka tarehe ishirini na tano. Naogopa aingie kule akiitazama taa ya umeme akidhani ni mwanawe. Naogopa atoke, au asitoke, na mimi niwe nimemdanganya. Fomu ya ridhaa inahitaji sahihi ya ndugu. Nimepewa nyumbani niisome, nimeisoma mara nne, na nimeiweka kwenye droo ya cherehani. Kila nikishika kalamu mkono unaanza. Mkono huu umeshaangusha kitu kimoja, Bi Kwanini. Sitaki mkono huohuo utie sahihi hii.

Najua umeanza kazi mpya, najua miaka sita hii hukukaa mbali kwa kupenda, na najua likizo yako haijafika. Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke, na mama yako asijue kuwa nimekuomba leo. Njoo. Ufike kabla ya tarehe ishirini na tano. Ukae pale mguuni pa kitanda, na mimi nitakibeba kisanduku kwenda nyumbani ndani ya soksi zake.

Kama haiwezekani kabisa, basi mpigie wewe mwenyewe, umwambie ukweli kuhusu ile taa kwa namna ambayo mimi sijaijua. Lakini fanya iwezekane.

Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, amefua shuka za chumba chako bila kuniuliza kwa nini, sijui amenusa nini. Fundi baiskeli anakusalimu na anakiri mbele ya mashahidi kuwa hukuibiwa. Mwenye duka la dawa anasema anayekuletea barua hii ni mtoto wake wa pekee, mwangalie kama mdogo wako. Mama mdogo wako wa upande wa baba alipita juzi, ameacha salamu na chupa ya mafuta ya kuchua magoti yangu. Wape salamu wote wanaokujali huko, hata nisiowajua.

Mungu akutangulie njiani, akufungie milango ya mabaya na akufungulie ya kurudi. Akupe mwili wenye nguvu na moyo usiosahau kupiga.

Ni mimi ninayekupenda tangu ukiuliza kwa nini,

Mjomba wako, Mwalimu.

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi mama yako alipoamka. Nimemwona kupitia mlango. Amekaa kitandani, amechukua kile kitambaa cha kufuma, nikainuka nusu, lakini hakukifunika kisanduku. Amekipangusa vumbi pembeni, mbali na matundu kama nilivyomfundisha. Kisha akaniita akauliza kule kwako ni saa ngapi. Nikahesabu, nikamwambia ni asubuhi. Akakiinamia kisanduku akakiambia, "Kaoge basi, utachelewa kazini." Akangoja kidogo. Halafu akanigeukia na kuniuliza kama unamsikia pia, au unamwona tu.

Nimemwambia nitakuuliza wewe mwenyewe.